Simu za zamani zisomwe kabla ya kuuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie biashara ya simu za zamani, ambayo siku hizi ina wanunuzi wengi, wakiwamo wenye hoteli na migahawa, vijana wanaopenda kupamba sebule, na ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Ulaya na Uarabuni. Sina ugomvi na biashara hiyo, kwani kitu chenye mnunuzi huwa salama kuliko kitu kilichosahaulika stoo. Ninacholalamikia ni kwamba simu hizi huuzwa kwa hadithi, na mnunuzi hulipia hadithi, ilhali simu yenyewe, ukiipindua na kuifungua kwa bisibisi, hueleza ilikotengenezwa na wakati ilipotengenezwa kwa uhakika ambao muuzaji hana. Na yale ambayo simu haiwezi kuyaeleza, yaani ilikaa ofisi gani na ilitumika kwa kazi gani, ndiyo tunayoyatupa sisi wenyewe siku ya kusafisha stoo.

Hadithi inayosikika zaidi ni ya Unguja. Katika maduka ya vitu vya kale hutakosa kuonyeshwa simu ya shaba ing'aayo, yenye mkono wa mbao na kigurudumu cha kupigia namba, ukaambiwa imetoka katika kasri la Sultani Barghash. Seyyid Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888. Waya wa chini ya bahari uliofika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden ulikuwa wa telegrafu, na mtu aliyetaka kupeleka habari alikwenda kuandika maneno yake kwenye karatasi na kuyalipia. Mtambo wa kuunganisha simu bila opareta ulipewa hataza mwaka 1891, nayo ni ya Almon Strowger, Mmarekani wa Kansas City aliyekuwa akifanya kazi ya kuzika maiti. Kigurudumu cha kuzungusha kwa kidole kilikuja baadaye kidogo, katika miaka hiyohiyo ya 1890. Simu yenye kigurudumu, basi, haiwezi kuwa ya Barghash, muuzaji aape aapavyo. Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi aombe bisibisi: katika nyingi ya hizo simu za shaba atakuta bodi ndogo ya elektroniki, waya mwembamba wa rangirangi, na kigurudumu ambacho hakizunguki kabisa kwa sababu matundu yake ni vitufe vya kubonyeza. Ni mapambo mazuri, na sioni ubaya mtu kuyanunua kama mapambo na kwa bei ya mapambo.

Simu nyingi za kweli zilizobaki kwetu hazing'ai. Ni nyeusi, nzito, na ganda lake ni la bakelaiti, ile plastiki ngumu iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani. Bakelaiti hutambulika kwa mkono kabla ya kutambulika kwa macho. Ni baridi, haina ulaini wa plastiki za leo, ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti kavu, na ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto hutoa harufu kali ya dawa ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Haikubali rangi nyepesi, na kwa hiyo simu ya umbo hilohilo yenye rangi ya pembe ya ndovu, nyekundu au kijani haikutengenezwa kwa bakelaiti bali kwa akriliki, plastiki ya aina nyingine. Hizo zilikuwa chache kuliko nyeusi, na ndiyo maana wapo wanaopaka simu nyeusi rangi ya dukani na kuiuza kama adimu. Mnunuzi aangalie ndani ya ganda: akriliki ina rangi ileile ndani na nje, na rangi ya kupaka huishia ukingoni.

Ili mtu aweze kusoma simu zetu ni lazima ajue zilitoka wapi. Huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na baada ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 zikawa shirika lenye makao makuu Kampala, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kwa kuwa kwa miaka mingi idara hiyo iliendeshwa chini ya Mwingereza, vifaa vyake vingi vilitoka katika viwanda vya Uingereza, na simu aliyokuwa nayo karani wa Tanga haikutofautiana sana na ya karani wa Nottingham. Hivyo anayejua alama za idara ya posta ya Uingereza, iliyojulikana kwa herufi GPO, ameshajua nusu ya kazi.

Chukua ile simu ambayo wazee wengi wanaposikia neno simu ndiyo huijia akilini: nyeusi, imekaa kama piramidi iliyokatwa kichwa, mkono wake umelala juu kwa upana, na chini mbele ina kidroo chembamba cha kuwekea karatasi ya namba. Hiyo ni namba 332, iliyotolewa na GPO mwaka 1937. Umbo lake lilitokana na simu ya Ericsson ya Sweden ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliyochorwa na msanii wa Norway, Jean Heiberg. Kabla yake ilikuwapo namba 162 ya mwaka 1929, iliyo nyembamba zaidi na isiyo na kengele ndani, kwa kuwa kengele yake ilikaa katika sanduku la ukutani. Baada yake ikaja namba 706 mwaka 1959, ya mviringo na nyepesi, yenye waya uliojikunja kama springi. Namba 746 ya mwaka 1967 inafanana sana na hiyo, ila imefinyangwa kishikio cha kubebea kwa nyuma, chini ya mahali pa mkono. Wengi huita zote hizo simu za mkoloni, ingawa Tanzania ilikuwa imeshakuwa huru 746 ilipoanza kutengenezwa.

Pindua simu hiyo. Katika kitako au ukingo wa nyuma utaona namba ya aina, kisha herufi za kiwanda, kisha tarakimu mbili za mwaka. Herufi H ni ya Ericsson wa Beeston, karibu na Nottingham, na S ni ya Siemens Brothers wa Woolwich, London. Simu ambazo viwanda viliziuza moja kwa moja nje ya Uingereza aghalabu hubeba jina kamili la kiwanda badala ya herufi hizo, na jina nalo ni ushahidi, kwa sababu kiwanda cha Beeston kiliingia mikononi mwa kampuni ya Plessey mwaka 1961. Ukikuta herufi zinazoanza na F na kuishia na R, kama vile FWR, simu hiyo ilirudishwa katika karakana za GPO ikafanywa upya, na mwaka unaozifuata ni wa ukarabati. Hapo wengi hukosea, wakadhani ganda la miaka ya 1940 ni la miaka ya 1960. Kwa upande wa pili, alama za National Telephone Company, kampuni ya simu ya Uingereza, haziwezi kuwa za baada ya mwanzo wa mwaka 1912, kwani tarehe 1 Januari ya mwaka huo kampuni hiyo ilichukuliwa na GPO.

Kigurudumu nacho kina habari zake, na nashangaa jinsi kinavyopuuzwa. Simu za Uingereza zenye herufi pamoja na tarakimu zilikusudiwa miji mikubwa kama London, Birmingham na Manchester, ambako mtu alianza kwa kupiga herufi za kwanza za jina la kituo cha simu, yaani mahali laini zinapounganishwa. Sehemu nyingine zilitumia tarakimu tupu. Katika kigurudumu cha Mwingereza herufi O imekaa pamoja na sifuri, na katika cha Mmarekani imekaa kwenye 6 pamoja na M na N. Mtu akikuuzia simu ya ofisi ya bwana shamba wa Morogoro nawe ukaona herufi zimejaa kwenye kigurudumu, una haki ya kuuliza kama haikuja juzijuzi ndani ya kontena. Kigurudumu cha Sweden huanza na sifuri kabla ya moja, na cha New Zealand kimepangwa kinyume na cha Mwingereza. Simu kama hizo zikiunganishwa kwenye mtambo wa nchi nyingine hupiga namba isiyo sahihi, kwa kuwa kila tarakimu hutuma idadi yake ya mapigo ya umeme, na mtambo huhesabu mapigo hayo bila kujua kilichoandikwa kwenye kigurudumu.

Lakini simu inayonyanyaswa kuliko zote ni ile isiyo na kigurudumu kabisa. Wauzaji huiona kama iliyoharibika, wakatoboa kifuniko chake na kuichomeka kigurudumu cha simu nyingine ili ipate mnunuzi. Niliipata mojawapo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikiwa juu ya mizani pamoja na majembe na mabomba. Ilikuwa nyeusi, mahali pa kigurudumu pamefunikwa kwa sahani ya bakelaiti, na ubavuni ina mpini mdogo wa chuma wa kuzungusha kwa mkono. Simu hii ilitumika katika miji midogo na mashambani, ambako kituo cha simu kilikuwa ubao wa kuunganishia na opareta aliyekaa mbele yake. Anayepiga alizungusha mpini, jenereta ndogo iliyo ndani ikatuma umeme kwenye waya, kibati kikaanguka kwenye ubao wa opareta, naye akauliza anatakwa nani. Sauti yenyewe ilisafirishwa kwa nguvu ya betri kavu zilizokaa pembeni ya simu hiyohiyo, wala si kwa umeme wa kituoni. Jenereta hiyo humchapa anayeshika nyaya zake, na mafundi wa zamani wanajua ni wanagenzi wangapi walifunzwa adabu kwa mzaha huo.

Katikati ya ile sahani palikuwa na duara la karatasi chini ya kifuniko cha plastiki kilichogeuka rangi ya chai. Kwa tochi na kitambaa kikavu maandishi yalisomeka: jina la kituo, Korogwe, na namba ya tarakimu mbili, kwa wino na kwa mwandiko wa karani aliyejua kuandika. Kwa kijikaratasi hicho simu ile iliacha kuwa simu ya kizamani tu. Mtu akipata kitabu cha namba za simu cha miaka hiyo, anaweza kuitafuta namba na kujua ilikuwa ya ofisi ya shamba la mkonge, ya duka, ya misheni au ya bwana wilaya. Mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshaanza kuibandua karatasi hiyo, akidhani ni uchafu unaopunguza thamani ya mali.

Ndiyo maana nasema kijikaratasi cha namba ni sehemu ya simu yenye thamani kuliko zote, na ndicho cha kwanza kutupwa. Tarehe ya kutengenezwa unaweza kuipata katika simu yoyote ya aina ile, lakini mahali ilipokaa hapajaandikwa popote pengine. Natamani wanunuzi waanze kulipia zaidi simu yenye kijikaratasi chake kuliko iliyong'arishwa, kwani bei ikibadilika, tabia ya wauzaji nayo itabadilika bila kuhubiriwa.

Kuhusu kung'arisha kwenyewe, naomba nieleze kwa kuwa madhara yake hayarudishiki. Ndani ya bakelaiti mna unga wa mbao, na juu yake pana ngozi nyembamba ya utomvu mgumu inayoipa mng'ao. Anayepiga msasa huondoa ngozi hiyo, ganda likabaki na madoa ya hudhurungi na kuanza kunyonya maji. Simu isiloweshwe, isianikwe juani, na isioshwe kwa petroli. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha dawa laini ya kung'arishia iliyopakwa kwa subira, vinatosha. Wanaotoboa ganda ili kulifanya taa ya mezani sitawaombea radhi. Taa zinauzwa kila mahali.

Sisi wa pwani tuna tatizo jingine la unyevu na chumvi. Kisemeo cha simu hizi kina punje za makaa zinazobanwa na kulegezwa na sauti, na hapo ndipo umeme unapopata umbo la maneno. Punje hizo zikivuta unyevu hushikamana, na simu iliyo nzima kabisa huonekana imekufa kwa sababu upande wa pili hausikii kitu. Kugonga kisemeo taratibu kwa kiganja mara nyingi huzilegeza, na hilo lijaribiwe kabla ya kununua kisemeo kingine au kuitupa simu. Kengele mbili zilizo ndani huota kutu, na koili zake hukatika ule waya mwembamba wa shaba. Anayetaka kuiunganisha simu na laini ya leo aulize kwanza kama mtambo wake unapokea mapigo ya kigurudumu, maana mingi ya sasa husikia sauti za vitufe tu. Tena asishike nyaya kengele inapolia, kwa kuwa umeme unaoipiga kengele kwa mfumo wa Uingereza ni takriban volti 75.

Jambo jingine linalowasumbua wanunuzi ni simu zenye viungo vya miaka tofauti. Mafundi wetu walitengeneza kwa kile kilichopatikana: ganda la simu moja, mkono wa nyingine, kigurudumu cha tatu. Huko Marekani, kwa wapenzi wa simu za Western Electric, jambo hili ni kosa kubwa, kwa sababu simu zao, hasa ile aina ya 500 iliyochorwa na Henry Dreyfuss, zina tarehe kwenye kitako, kwenye kengele, kwenye kigurudumu na hata ndani ya mkono, na tarehe zikilingana bei hupanda. Mimi nadhani kipimo hicho hakitufai. Simu ya karakana ya reli iliyobadilishwa mkono imebeba ushahidi wa jinsi huduma ilivyoendeshwa hapa, na nisingependa kuona mtu akiing'oa viungo vyake ili ifanane na picha ya katalogi ya Uingereza. Tofauti ipo kati ya kiungo kilichobadilishwa na fundi ili simu ifanye kazi na kiungo kilichochomekwa na mchuuzi ili simu iuzike. Cha fundi huwa kimefungwa kwa skrubu zinazofaa na nyaya zimeshikwa vizuri kwenye sehemu zake za kufungia, na cha mchuuzi mara nyingi hakijaunganishwa na waya wowote.

Nimefika sasa kwenye ombi langu kwa wakuu wa ofisi. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilisafisha stoo yake nami nikapata habari baada ya lori kuondoka. Simu ziliuzwa kwa uzito. Mikono ilikuwa imekatwa kwa koleo ili nyaya zipimwe peke yake, na maganda yamevunjwa kwa nyundo ili shaba na sumaku za kengele zitoke. Kwa hesabu ya chuma chakavu simu moja haina shaba ya kumnunulia mtu chakula cha mchana. Sipingi ofisi kuondoa vifaa visivyotumika, na natambua zipo taratibu za kufuta mali ya umma. Ninachoomba ni kwamba kabla ya orodha kusainiwa, karani mmoja apite na daftari, aipindue kila simu, aandike alama zilizo chini, aandike chumba ilikotoka na namba iliyo kwenye kijikaratasi, kisha afunge lebo kwa uzi. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Baada ya hapo Makumbusho ya Taifa yaarifiwe yachague yanachotaka, na kinachobaki kipigwe mnada kikiwa kizima. Hali kadhalika mashirika ya dini, shule kongwe, mashamba na stesheni za reli, ambako ubao wa opareta pengine bado umesimama nyuma ya mlango, mchwa wakiwa wameshaanza na miguu yake.

Huko Uingereza wapo wanachama wa Telecommunications Heritage Group, na Marekani ipo Antique Telephone Collectors Association, wanaobadilishana vipuri na michoro ya nyaya, na mtu wa huku anaweza kujifunza mengi kwao. Hata hivyo, hawawezi kutuambia simu ya Korogwe ilikuwa ya nani. Wanaojua ni maopareta, mafundi wa laini na makarani waliostaafu, wa hapa na wa Kenya na Uganda, na wengi wao ni wasomaji wa magazeti.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako litenge kipembe, hata mara moja kwa mwezi, ambapo msomaji mwenye simu ya zamani ataleta picha yake na wastaafu hao wataisoma hadharani. Picha ziwe tatu: ya mbele, ya kijikaratasi cha namba, na ya kitako. Hiyo ya kitako ipigwe karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu, kwa sababu alama nyingi zimegandamizwa bila wino, na mwanga wa kamera ukizipiga usoni hazionekani.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa simu,
Tanga